Hodi Chini ya Sakafu ya Gari

Hodi ya mlangoni hujibiwa kwa neno moja tu: karibu. Lakini iko hodi nyingine isiyo na jibu jepesi, nayo ni ile inayobishwa chini ya sakafu ya gari dereva anapoachia breki na kuanza safari. "Ko!" Mara moja, kisha kimya. Watoto waliokaa nyuma hawajali. Mama hukatiza mazungumzo. Baba hujifanya kwamba hakusikia. Kesho yake hodi hurudi. Wiki ya pili haingojei tena mwanzo wa safari, bali hubishwa kila mguu unapokanyaga mafuta na kila unapoyaachia. Ufikapo mwisho wa mwezi, habari ya gari huwa imekwisha kuingia katika hesabu za nyumba, ikagombania nafasi na karo ya shule, kodi ya pango na bei ya unga.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Hawapotei kwa sababu gari limeharibika, kwani kila chombo kilichoundwa na mkono wa binadamu hapana budi kichakae. Hupotea kwa sababu hulipa kabla ya kuuliza. Sauti ni shahidi, na shahidi asiyehojiwa hamfai hakimu. Nyumba nyingi zimetumia fedha za miezi mitatu kununua kipuri kizima kilichokuwa hakina kosa, ilhali kidude kidogo chenye kosa kikiendelea kugonga mahali pake kama mwanzo.

MTAA WA VILIMA

Mtaa wa Kiriri, mjini Bujumbura, umekaa juu ya miteremko inayoukumbatia mji kwa upande wa mashariki. Aliyesimama huko huuona mji wote chini yake, na Ziwa Tanganyika limetandikwa kama mkeka, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo iliyo juu ya Uvira. Huko ndiko Wajesuiti walikojenga Chuo cha Saint-Esprit katika miaka ya 1950, ambacho majengo yake baadaye yaligeuka kuwa Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi. Ni mtaa wa hewa nzuri na miti mikubwa.

Lakini uzuri huo una ushuru wake. Hakuna safari ya gari katika Kiriri isiyokuwa na kilima au mteremko. Na anayetoka mjini kwenda bara hukutana na makubwa zaidi: ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na barabara kuu ya kwenda Bugarama hupanda hata kupita mita 2,000 kwa mwendo usiofika kilomita 40. Katika njia za namna hiyo dereva hukanyaga mafuta na kuyaachia mamia ya mara. Kila anapokanyaga, vyuma vyote vya kupeleka nguvu kwenye magurudumu hubanwa upande mmoja. Kila anapoachia, hubanwa upande wa pili. Kilicholegea hapo hakiwezi kunyamaza.

Ndiyo sababu wenyeji wengi wa vilima hupenda magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mengi huwa yamekwisha kutumika Ujapani, yakaletwa kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha yakavuka nchi kavu mpaka Burundi. Mwenye kulinunua hununua pamoja nalo historia asiyoijua: nani aliliendesha, alibadili mafuta ya difu lini, alivaa raba za namna gani.

NJIA YA NGUVU

Mtu hawezi kumtafuta mwizi katika nyumba asiyoijua milango yake. Kadhalika hawezi kuitafuta sauti bila ya kuijua njia ambayo nguvu huipita kutoka injini hadi ardhini.

Nguvu hutoka kwenye injini, ikaingia katika giaboksi. Hapo hugawanywa. Sehemu moja huenda kwenye difu ya mbele na kutoka kwa shafti mbili fupi hadi magurudumu ya mbele. Sehemu nyingine hushika shafti ndefu ipitayo chini ya sakafu, yaani propela, hadi difu ya nyuma, na kutoka hapo tena kwa shafti mbili hadi magurudumu ya nyuma. Propela aghalabu hukatwa vipande viwili, na katikati hushikiliwa na beringi iliyovikwa mpira.

Kwa kuwa magurudumu hupanda na kushuka, na injini nayo hutikisika, shafti hizo haziwezi kuwa fimbo ngumu. Lazima ziwe na viungo kama vile mkono ulivyo na kiwiko. Kiungo cha kale ni kile cha msalaba, ambacho mafundi wengi hukiita krosi. Bujumbura, ambako maneno mengi ya gereji yametoka katika Kifaransa, mtu atasikia pia kadani, neno lenye kubeba jina la Gerolamo Cardano, mtaalamu wa Italia wa karne ya 16. Krosi ina ila moja: ikikunjwa, haizunguki kwa mwendo ulio sawa, bali huharakisha na kupunguza katika kila mzunguko. Kwa hiyo huwekwa mbili, moja ikisahihisha kosa la mwenzake. Kwa magurudumu ya mbele, ambayo hukunjwa sana wakati wa kupiga kona, ilihitajika dawa bora zaidi. Katika miaka ya 1920 Alfred Rzeppa, mhandisi wa Marekani, alibuni kiungo cha gololi kizungukacho kwa mwendo sawa hata kikikunjwa. Kizazi cha kiungo hicho ndicho kiitwacho na mafundi sivijointi.

Basi msomaji na ahesabu: giaboksi, difu mbili, krosi, sivijointi, na meno marefu ya propela yanayoteleza moja ndani ya jingine. Kila mahali pana nafasi ndogo iliyoachwa makusudi, kwa sababu meno yaliyobanana kabisa yangesagana na kuungua. Ndani ya difu nafasi hiyo ni kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Lakini nafasi hizo hujumlika. Gari lililokwenda miaka kumi na mitano huwa na kidogo hapa na kidogo pale, na jumla yake ndiyo hubisha hodi. Kwa hiyo mlio mdogo gia inapotiwa si lazima uwe ugonjwa. Ugonjwa ni mlio uliokuwa haupo ukaja, au uliokuwepo ukakua.

NYUMBA MOJA NA DAFTARI LAKE

Iko nyumba moja huko Kiriri ambayo yaliyoipata yanastahili kusimuliwa. Baba ni afisa wa polisi, mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto ni wanne. Ilikuwa mwaka 2024, wakati uhaba wa mafuta ulipoikaba Burundi na magari yakapanga foleni ndefu kwenye vituo. Lita iliyopatikana ilitumiwa kwa shida zilizo kubwa tu. Shida kubwa ya nyumba hiyo ilikuwa Gitega, alikokaa mama mzazi wa afisa, ambaye kila mwezi alikuwa hana budi kufikishwa kwa daktari. Kutoka Bujumbura hadi Gitega ni kama kilomita 100 kwa njia ya Bugarama na Muramvya, na nusu ya kwanza ya njia hiyo ni kona na makorongo.

Gari lao lilianza kugonga. Fundi wa kwanza hakuingia chini yake. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza injini kidogo, akasema, "Mkubwa, difu imekwisha. Lete fedha tutafute nyingine." Bei aliyoitaja iliwafanya watu wa nyumba hiyo walale macho. Fundi wa pili akasema difu haina neno. Kilichokufa ni mipira ya kushikilia injini. Ikabadilishwa. Kwa siku tatu sauti ikapungua, na baba akafurahi. Siku ya nne ikarudi na nguvu zake zile zile. Mipira mipya ilikuwa imeishika injini imara zaidi, hivyo kishindo kikapungua mtikisiko. Lakini chanzo chake kilikuwa mahali pengine, nacho kiliendelea kulika.

Afisa akaazimia kuchukua fedha za karo na kununua difu. Hapo mkewe akamwambia, "Baba watoto, wewe kazini humpeleki mtu mahakamani kwa maneno ya mtaani. Unataka mahali, saa na shahidi. Mbona gari letu limekwisha kuhukumiwa mara mbili bila ya ushahidi?"

Mumewe akanyamaza, akatabasamu, akasema, "Haya mama, andika wewe."

Mwalimu akatwaa daftari la mwanafunzi, akapiga mistari minne. Katika safu ya kwanza aliandika mahali. Katika ya pili, mwendo wa gari. Katika ya tatu, dereva alikuwa akifanya nini. Na katika ya nne, sauti ilikuwaje. Kwa kuwa mafuta yalikuwa haba, hawakufanya safari hata moja ya majaribio. Waliandika katika safari zile zile za lazima, kushuka mjini asubuhi na kupanda nyumbani jioni, kwa muda wa siku saba.

Waligundua pia hila moja. Katika Burundi magari hupita upande wa kulia, na magari mengi yaliyotoka Ujapani yana usukani kulia vilevile. Basi dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara, karibu na kuta za nyua. Akipita polepole kando ya ukuta mrefu na kioo kimeshushwa, ukuta humrudishia sauti ya gari lake. Yale yaliyofichwa na sakafu husikika kama yanasemwa na jirani.

Siku ya nane daftari lilisema hivi. Gari lilipopita juu ya mashimo bila ya dereva kukanyaga mafuta, hapakuwa na sauti. Lilipofungwa breki, hapakuwa na sauti. Lilipoanza kuondoka, "ko!" moja. Mguu ulipoachia mafuta na kukanyaga tena, "ko!" moja. Lilipotolewa kwenye gia ya kwenda mbele na kutiwa ya kurudi nyuma, "ko!" kubwa kuliko zote. Lakini palikuwa na mstari mmoja usiofanana na mingine: jioni, gari lilipokata kona kali kuingia langoni na kugeuka polepole katika ua wa saruji, lilinguruma, likavutana, na kushtuka mara mbili tatu kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

Daftari hilo likapelekwa Buyenzi. Mtaa huo wa Waswahili wa Bujumbura ni maarufu kwa gereji zake. Mzee aliyelipokea alivaa miwani, akalisoma ukurasa kwa ukurasa kabla ya kugusa spana. Kisha akasema, "Mama, aliyeandika hapa ameniokolea siku mbili. Nyinyi mnatafuta hodi moja, kumbe ziko mbili."

Gari likasimamishwa mahali pa tambarare, magurudumu yakatiwa kabari mbele na nyuma, gia ikawekwa huru na breki ya mkono ikaachiwa. Mzee akaingia chini, akashika propela kwa mikono miwili, mkono mmoja upande huu wa krosi na mwingine upande ule, akazinyonga kinyume. Krosi ya nyuma ilitulia. Ya mbele ilicheza, upande mmoja ukitangulia mwingine, na pembeni mwake palikuwa na vumbi jekundu la kutu, alama ya grisi iliyokauka na visindano vya beringi vilivyosagika. Hiyo ndiyo hodi ya kwanza.

Kwa hodi ya pili mzee hakuingia tena chini. Alizunguka gari akisoma maandishi ya raba. Za nyuma, zilizonunuliwa miezi michache nyuma, ziliandikwa 225/70R16. Za mbele, za zamani, ziliandikwa 215/70R16. "Zinafanana," akasema afisa. "Zinafanana kwa macho, mkubwa," akajibu mzee, "lakini gari halina macho."

HESABU YA RABA

Maneno hayo ya mzee yanahitaji kufafanuliwa, maana jambo hili huwaangusha wengi. Raba ya 225/70R16 ina kipenyo cha kama sentimita 72. Ile ya 215/70R16 ni ndogo kwa kiasi cha sentimita moja na nusu. Tofauti ndogo! Lakini katika kila kilomita raba kubwa huzunguka kama mara 441, na ndogo kama mara 450. Yaani kila kilomita moja magurudumu ya mbele huyapita ya nyuma kwa karibu mizunguko tisa, na mwendo wa kwenda Gitega huifanya tofauti hiyo izidi mizunguko 850. Tena hapo hazijahesabiwa kuwa za mbele zimelika, na raba iliyolika ni ndogo zaidi.

Katika gari la magurudumu mawili ya kuvuta, tofauti hiyo ingepita bila ya kujulikana. Katika gari la magurudumu manne, mbele na nyuma zimefungamana kwa propela. Hapana budi kitu fulani kati yao kiteleze na kuivumilia tofauti: difu ya katikati, au sahani za klachi zinazobanwa kwa umeme, au sahani zinazozunguka ndani ya mafuta mazito ya silikoni, kwa kadiri ya muundo wa gari. Kitu hicho kimeundwa kuvumilia kona, si kuvumilia safari nzima. Kikilazimishwa hupata joto, mafuta yake huharibika, na mwisho hushikamana. Hapo gari hukataa kugeuka. Magurudumu yanapofika mwisho wa ustahimilivu huruka kidogo juu ya saruji, na ndiyo yale mashtuko ya uani.

Askari aliyeendesha Land Cruiser za zamani analifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Alifundishwa kwamba kuvuta kwa mbele hakutiwi juu ya lami kavu, bali katika tope na mchanga, ambako gurudumu laweza kuteleza na kupumua. Katika magari ya familia, yaliyoenea tangu Subaru ilipotoa Leone yake ya magurudumu manne mwaka 1972 na Audi ikatoa Quattro mwaka 1980, dereva wa mengi ya siku hizi hana haja ya kutia wala kutoa. Urahisi huo humsahaulisha kwamba sheria ya chuma haikubadilika. Kanuni ya nyumba iwe moja: raba nne za kipimo kimoja, za aina moja, zenye uchakavu unaolingana, na upepo uliopimwa.

Nyumba ile ya Kiriri haikununua difu. Ilinunua krosi, ikatafuta raba mbili za kulingana na zile za nyuma, na ikabadili mafuta ya difu na ya sanduku la kugawa nguvu. Kabla ya kuishusha propela, mzee alitia alama ya rangi kwenye vipande vyote viwili na mahali viliposhikana, ili irudi vilevile ilivyotoka; kwani krosi mbili zisipowekwa kwa mpango wake hazisahihishani tena, na gari lililokuwa likigonga hugeuka kuwa gari linalotetemeka. Zipo propela nyingine ambazo krosi zake hufungwa kiwandani zisitolewe. Hapo hubadilishwa propela nzima, au hupelekwa kwa mchonga vyuma aliye hodari. Hiyo haikuwa hivyo, kwa bahati. Karo ya watoto ikabaki mahali pake, na mama mzazi akafikishwa kwa daktari wake.

MASWALI YA KUMHOJI SHAHIDI

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili ajue kuuliza. Amsaidie fundi kwa maswali haya.

Je, sauti huja gari likipita kwenye mashimo tu, hata kama mguu hauko kwenye mafuta? Basi yaelekea si njia ya nguvu, bali ni bushi, boljointi, au viungo vya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Je, huja wakati wa kufunga breki? Zitazamwe breki zenyewe na bushi za mikono ya magurudumu.

Je, ni "ko!" moja wakati wa kutia gia, wakati wa kuondoka, au mguu unapokanyaga na kuachia? Hapo zitazamwe krosi, meno yanayoteleza ya propela, mipira ya injini na ile inayoshikilia difu ya nyuma, na mwishoni kabisa difu yenyewe. Mara nyingine meno ya propela yamekauka tu, na grisi kidogo huyanyamazisha. Fundi aanze na kilicho rahisi kukitazama na cha bei ndogo, si kilicho ghali.

Je, ni "tik-tik-tik" inayoharakisha pamoja na gari, usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho? Hiyo aghalabu ni sivijointi ya upande wa gurudumu. Pakaguliwe mpira wake wa kukinga vumbi: ukichanika, grisi hurukia upande wa ndani wa rimu, na mchanga huingia kukaa mahali pake. Mpira uliochanika ukibadilishwa mapema huiokoa sivijointi. Ukiachwa hadi sauti ianze, umechelewa. Na kama gari hutetemeka likipanda kilima moja kwa moja, kisha likatulia mguu ukiachia, sivijointi ya upande wa ndani ishukiwe.

Je, ni mlio wa "chwi-chwi" kama wa kifaranga katika mwendo mdogo? Huenda ni krosi iliyokauka, nayo inaaga kabla ya kugonga. Je, ni mvumo unaokua na mwendo? Hizo ni beringi za gurudumu au ya katikati ya propela, au raba zenyewe.

Na swali la mwisho: katika mwendo ule ule, gia ikibadilishwa, sauti hubadilika? Ikifuata mbio za injini, itafutwe kwenye injini na giaboksi. Ikifuata mwendo wa gari bila ya kujali gia, itafutwe kuanzia giaboksi kurudi nyuma.

Anaposikia hukumu, mwenye gari amwombe fundi kwa upole amwonyeshe kosa kwa mkono: kinachocheza kicheze mbele ya macho yake. Fundi mwema hachukizwi na ombi hilo.

YASIYOFANYIWA MZAHA

Kuna mambo ambayo uzembe wake hulipwa kwa mwili. Krosi ya mbele ikikatika katika mwendo, ncha ya propela huweza kuanguka barabarani, ikachimba lami na kulipindua gari. Kwa hiyo hodi inayokua siku hadi siku haisubiri mshahara ujao.

Shafti ya gurudumu ikikatika, nguvu hukimbilia upande uliokatika, na gari likaweza kukataa kwenda. Tena katika gari la gia zinazojibadili zenyewe, ile gia ya kuegesha yaweza kushindwa kulizuia, kwa sababu njia kati yake na gurudumu imekatika. Katika mteremko wa Kiriri, gari la namna hiyo hushikwa na breki ya mkono na jiwe chini ya gurudumu, si kwa gia peke yake. Mazoea ya kuvuta breki ya mkono kila siku ni akiba ya siku hiyo moja.

Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu. Liwekwe juu ya vigoda imara vya chuma, na mahali pa tambarare. Watoto wasiwe karibu. Wala gari la magurudumu manne lisiinuliwe gurudumu moja kisha likawashwa na kutiwa gia, kama wafanyavyo wengine kusikiliza beringi, kwa maana magurudumu yaliyobaki chini yatavuta na gari litaruka kutoka juu ya jeki. Na likiharibika njiani, askari wa barabarani na mwenye gari wajue kwamba si vyema kulivuta magurudumu mawili yakiwa hewani na mawili chini. Libebwe lote juu ya lori, au ufuatwe mwongozo wa kitabu chake.

NIDHAMU HAIVULIWI LANGONI

Katika vikosi, gari la serikali halitoki kambini bila ya kukaguliwa. Mafuta hupimwa, raba hutazamwa, na dereva hutia sahihi. Kosa likionekana huandikwa, na aliyeliandika hulaumiwa kidogo kuliko aliyelificha. Lakini yule yule dereva, akivua sare na kuingia katika gari la nyumbani kwake lililobeba watoto wake mwenyewe, huongeza sauti ya redio ili asisikie kinachogonga chini. Huko kazini hukagua, huku nyumbani hubahatisha. Na ilhali gari la kikosi likiharibika hupatikana jingine, la nyumbani likiharibika nyumba nzima hutembea kwa miguu.

Daftari la senti chache, jicho la mke au mtoto mkubwa anayeandika, na dakika mbili za kusikiliza kando ya ukuta na redio imezimwa: hivyo havihitaji cheo wala mshahara mkubwa. Vinahitaji subira tu, na subira ndiyo mali inayokosekana upesi mtu anapoingiwa na hofu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wangaliishi katika zama za magari, wangaliongeza kwamba kabla ya kuziba, hakikisha kwanza ufa uko ukuta gani.